Ngazi na Minara: Maana ya Picha ya Mji wa Kashi



Nimeombwa nieleze picha iliyotundikwa ukumbini. Ni mji wa Kashi, ambao wengine huuita Banaras, ukitazamwa kutoka Mto Ganga. Asili yake ni mchoro wa James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha mji huo miaka ya 1820, na ambaye mwaka 1829 alipeleka London michoro yake ya rangi za maji ili ichapishwe.

Ngazi za mawe zashuka hadi majini, na majengo yote yako upande mmoja wa mto. Hiyo si hila ya mchoraji. Mahali hapo Ganga hugeuka kuelekea kaskazini, iliko milima yake ya asili, na ng'ambo ni mchanga mtupu. Basi aogaye alfajiri hulielekea jua lichomozapo. Kilele cha hekalu ni mlima, makao ya miungu. Ngazi ni njia ya binadamu kutoka shughuli za mji kumwendea Mama Ganga.

Sehemu hii huitwa Panchganga, kwa kuwa twaamini mito mitano hukutana hapo. Jicho huona mmoja tu, na mmoja tu ndio aliouchora Prinsep.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno. Kilichopanda juu kuliko vyote pichani ni minara miwili ya msikiti uliojengwa zama za Mfalme Aurangzeb, karne ya 17, mahali palipobomolewa hekalu la Vishnu. Wakati wa kutayarisha kitabu hiki palitolewa rai kwamba picha ikatwe juu, minara isionekane. Uchungu wa rai hiyo naufahamu, wala sitaupaka sukari. Lakini picha iliyokatwa si Kashi. Vizazi kwa vizazi waumini waliteremka ngazi zile chini ya minara ile, na hekalu la Bindu Madhav likasimama tena jirani yake. Prinsep mwenyewe alishughulikia ukarabati wa minara hiyo. Leo haipo tena. Msikiti upo, ngazi zipo, na watu wanaoga.

Kamati imekubali. Picha imechapwa nzima, kuanzia mashua hadi ncha za minara.