Mashindano ya Mataifa Makubwa na Kibarua wa Ijara

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama wetu, mfanya kazi wa njia ya reli, mbele ya vibarua wa barabara na wazee waliokusanyika Masalani. Tumeyachapa kwa maombi ya wanachama wa matawi mengine.)



Mtaniuliza, mtu wa reli amefuata nini Ijara? Hapa hakuna reli. Mwaka 2012 wakuu watatu, wa Kenya, wa Ethiopia na wa Sudan Kusini, walikutana Lamu wakaanzisha kazi ya LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo na kuendelea mbele. Bandari tumeiona, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Barabara mmeishika wenyewe kwa mikono yenu. Lakini ile reli, hata taruma moja halijalazwa. Basi mimi nimekuja kabla ya kazi yangu kufika, maana ikishafika nitakuwa nimechelewa.

Mimi ni mtu wa Mto Tana, nimesoma darasa la nane katika shule ya misheni, na Kiingereza changu ni kidogo. Siwezi kuwaeleza siasa za dunia kama profesa. Lakini njia ya reli yenyewe ni shule.

Reli ya kwanza, ya Mombasa hadi Kisumu, Waingereza waliijenga kuanzia 1896 hadi 1901. Je, walituhurumia tulivyotembea kwa miguu? La. Waliogopa Wajerumani na Wafaransa wasije wakashika Uganda na chimbuko la mto Nile. Waliletwa watu kama 32,000 kutoka India, na wapata 2,500 walikufa. Kila mtu amesikia habari za simba wa Tsavo, lakini wengi zaidi waliuawa na homa na ajali.

Kisha ikaja zamu ya TAZARA. Mwalimu Nyerere na Bwana Kaunda waliomba nchi za Magharibi, wakajibiwa kwamba reli hiyo haitaleta faida. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba, na njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Sasa sikilizeni. Walipoona Mchina anakuja na reli, Wamarekani nao wakatoa fedha kwa barabara ya lami ya kwenda Zambia, iliyo karibu karibu na reli hiyo. Jana hapakuwa na faida hata ya kujenga njia moja. Leo zinajengwa mbili! Na mchezo huo haujaisha. Mwaka 2024 yalitiwa sahihi Beijing mapatano ya kuifufua TAZARA, na Disemba ya mwaka huo huo Rais Biden wa Marekani alikwenda Angola kuitazama reli ya Lobito, inayobeba shaba ya nchi zile zile kwenda bahari ya upande wa pili.

Hapa kwetu je? Kwenye ghuba ya Manda, bandari imejengwa na Wachina, na jirani yake kuna kambi yenye askari wa Marekani, ile iliyoshambuliwa Januari 2020. Wakubwa wote wawili wako mlangoni pa Ijara. Wazee hapa wanakumbuka miaka ambayo hakuna hata mmoja aliyetaka kujua Ijara iko wapi. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema fedha ziwekwe mahali zitakapozaa upesi, na sisi tukahesabiwa miongoni mwa wasiozaa. Kwa hiyo mimi simkasirikii anayekuja na greda, awe Mchina, awe Mmarekani. Lami ni lami. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku haulizi imelipwa kwa fedha ya nani.

Ninalouliza ni juu ya karatasi. Mwaka 2022 waziri alipotoa hadharani baadhi ya mikataba ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyotiwa sahihi mwaka 2014, tuliona imeandikwa kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing. Mnaona jinsi wenye mali wanavyojilinda? Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wameshaandika ni nani atakayewaamua. Wewe unayebeba kokoto, ukivunjika mguu, imeandikwa wapi utaamuliwa na nani? Nilipouliza hapa mwanzo ni nani ana barua ya kazi, niliona mikono minne.

Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua cha ujenzi huko bara, chini ya mkandarasi mdogo wa mifereji. Jina lake naliacha. Mwenzangu aliangukiwa na taruma la zege mguuni. Tukaambiwa hayumo katika daftari, hajulikani. Miezi ikapita. Kilichomwokoa ni kitabu cha mpishi! Kila siku tulikatwa fedha za chai na ugali, na mpishi alikuwa mtu mwangalifu, ameandika jina la kila mlaji na tarehe. Katibu wa chama alikichukua kitabu kile chenye madoa ya mafuta akakipeleka kwa afisa wa kazi. Mwenzangu alilipwa, ingawa si yote.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja si kibarua wa siku tena. Ni mtu wa mwezi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na anayepaswa kuuandika ni tajiri. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inasema mfanya kazi akifa kazini, wanaomtegemea walipwe mishahara ya miezi 96. Tuseme unapata shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: hiyo ni 15,600. Mara 96 ni 1,497,600. Na hii si hadithi ya mbali. Mwaka 2022 wafanya kazi wa ujenzi waliuawa katika mashambulio upande wa Lamu, kwenye kazi hizi hizi. Asiye na jina katika daftari, mjane wake atadai kwa lipi?

Tena yafanyeni haya sasa. Leo kila mkubwa anataka njia hii imalizike, wageni waione. Lami ikishakauka, nani atawasikiliza?

Karani wa tawi atakaa chini ya ule mwarobaini nje mpaka saa kumi na moja. Njoo na kitambulisho, na tarehe uliyoanza kazi. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Na wapishi wa kambi, tafadhali, ninyi njooni wa kwanza.