Kura ya Soko: Historia ya Uchaguzi katika Majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini



Mada niliyopewa ni historia ya uchaguzi katika majimbo mawili ya mjini ya Nyanda za Juu Kusini, nami sitaisimulia mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa orodha ya waliopita na walioanguka kila mmoja wetu anaweza kuipata bila ya kunisikiliza mimi. Dai langu ni moja: kwamba tangu vyama vingi viruhusiwe tena mwaka 1992, mpiga kura wa Mbeya Mjini na wa Iringa Mjini aghalabu amekuwa na kesi na halmashauri ya mji wake juu ya mahali pa kupanga bidhaa zake, na vyama vya siasa, kila kimoja kwa zamu yake, vimekuwa mawakili aliowaajiri na kuwafukuza katika kesi hiyo.

Haikuwa hivyo tangu awali. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, wakati Nyanda za Juu Kusini zote, Iringa na Mbeya pamoja, zilipokuwa eneo moja la uchaguzi, mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa mpigo, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na hata fursa hiyo hakuipata ila awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambuliwa na sheria. Kwa sharti hilo umma wa wakulima ulibaki nje, na sauti ikawa ya karani, mwalimu na mfanyabiashara, yaani watu wa mjini au wa kandokando ya mji. TANU, iliyokwisha kuamua huko Tabora mnamo Januari 1958 kwamba ingeshiriki kura hiyo ya mseto licha ya ubaya wake, ilijua kuwaelekeza wafuasi wake wampe nani kura ya Mzungu na ya Mwasia. Na hivyo ndivyo Lady Marion Chesham, mlowezi wa nyanda hizi mwenye asili ya Marekani, alivyoingia Barazani akiungwa mkono na chama cha Waafrika.

Mji wa Mbeya wa siku zile unastahili kutazamwa kwa karibu kidogo. Nelson Mandela, aliyepita hapo mwanzoni mwa 1962 akiwa ametoka Afrika Kusini kwa siri, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyostaajabu kuona weusi na weupe wamekaa pamoja katika hoteli, na jinsi mgeni Mwafrika alivyomkanya mpokeaji Mzungu, kwa adabu lakini bila ya kurembaremba, kwa kusahau kuwafikishia wageni habari kwamba Bwana Mwakangale wa TANU alikuwa amewaulizia. Uhuru ulikuwa na umri wa wiki chache tu, na mtu wa Mbeya alikwisha jua kwamba mwenye kaunta anawajibika kwake. Tabia hiyo haijamtoka.

Miaka ya chama kimoja nitaipita upesi. Kuanzia 1965 wagombea wawili wa chama kile kile walishindanishwa, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, na mbunge aliyewachosha watu aliweza kuangushwa pasipo mtu yeyote kuitwa mpinzani. Lakini hoja za mji, kama vile kodi ya soko, maji na viwanja, zilisemwa ndani ya vikao, na nje hazikusikika sana.

Zilisikika mwaka 1995. Wengi huzungumza kana kwamba upinzani katika miji hii ulizaliwa 2010, jambo lisilo sahihi hata kidogo, kwani katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi majimbo yote mawili yalikwenda NCCR-Mageuzi: Polisya Mwaiseje akaichukua Mbeya Mjini na Mfwalamagoha Kibasa akaichukua Iringa Mjini. Upepo wa Augustino Mrema, mgombea urais wa chama hicho, ulivuma, ndiyo, lakini upepo huo ulivuma nchi nzima na miji mingi haikutikisika. Naye Mrema alipoihama NCCR mwaka 1999 na kwenda TLP, chama kikiwa kimechanika kwa ugomvi wa viongozi, wakili wa mjini akawa hana ofisi. Mwaka 2000 CCM ikarudi, na Iringa ikampata Monica Mbega, aliyeshika kiti hicho kwa vipindi viwili.

Sasa nifike mahali ambapo maudhui yangu yana uzito. Mnamo Desemba 2006 soko la Mwanjelwa jijini Mbeya liliungua. Aliyekuwa na kibanda akawa hana, aliyekuwa na meza akashuka chini kwenye turubai, na jiji likaahidi soko jipya la ghorofa. Wapiga kura walipokwenda vituoni Oktoba 2010, soko hilo lilikuwa bado halijafunguliwa. Benson Mpesya wa CCM akashindwa na Joseph Mbilinyi wa CHADEMA, ambaye nchi ilimjua kwa jina la Sugu, msanii wa muziki wa kizazi kipya. Wako waliosema kwamba vijana walimchagua mwimbaji. Nami naona kwamba wenye turubai walimchagua mtu aliyejua kusema lugha yao. Ushahidi ulikuja Novemba 2011, wamachinga walipopambana na polisi pale pale Mwanjelwa, na ghasia zikapoa baada ya mbunge kusimama akasema nao.

Iringa nayo, katika mwaka ule ule wa 2010, ilimchagua Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA. Hapo CCM ilijitia jeraha kwa mkono wake, kwa kuwa Frederick Mwakalebela, aliyeongoza kura za maoni, aliachwa na jina la Mbega likarudishwa. Hata hivyo soko lilikuwepo pia: mwezi Mei 2013 wamachinga waliozuiwa kupanga bidhaa Mashine Tatu siku za Jumapili waliingia katika vurugu na polisi, na mbunge akafikishwa mahakamani pamoja na wengine wengi. Hata kama mtu angemwandalia Msigwa kampeni ya 2015 kwa makusudi, asingeandaa iliyo bora kuliko hiyo.

Mwaka 2015 wote wawili walirejea bungeni, na CHADEMA ikazitwaa na halmashauri zenyewe. Kwa maoni yangu ushindi huo ndio ulioanza kuwadhoofisha, maana aliyekuwa akiishitaki halmashauri sasa alikuwa ndiye halmashauri, mwenye kutoza ushuru na kuwaondoa watu barabarani. Fauka ya hayo, Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, na kwa kadi ile ndogo kesi ya machinga ikahamishwa kutoka meza ya diwani ikawekwa Ikulu.

Mengine yalikuwa mazito zaidi, na haifai kuyapamba. Mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa tangu 2016. Sugu alifungwa mwaka 2018 kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kumtusi Rais. Meya wa Iringa, Alex Kimbe, aling'olewa Machi 2020. Oktoba ya mwaka huo Dkt. Tulia Ackson, Naibu Spika ambaye taasisi yake ya Tulia Trust ilikuwa imefanya kazi Mbeya kwa miaka kadhaa, alitangazwa mshindi, na Jesca Msambatavangu akatangazwa Iringa, katika uchaguzi ambao CHADEMA iliyakataa matokeo yake. Anayedai kwamba watu walibadili nia, na anayedai kwamba kura hazikuwa zao, wote wawili wanapaswa kueleza kwanza namna ya kupima nia ya mtu aliyezuiwa kusikiliza upande mmoja kwa miaka minne.

Hatima ya mawakili wawili wa 2010 ni ya ajabu. Mei 2024 walishindana wao kwa wao kwa uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa, Sugu akashinda, na mwisho wa Juni Msigwa akahamia CCM. Uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikushiriki kabisa.

Kabla ya uchaguzi huo, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ililigawa jimbo la Mbeya Mjini, likazaliwa jimbo la Uyole, ambako Dkt. Tulia alikwenda kugombea. Sababu ya idadi haina ubishi, kwani jiji lililokuwa na watu 385,279 katika sensa ya 2012 lilifikia 541,603 katika ile ya 2022. Lakini kwa mtafiti taathira yake ni kubwa: matokeo ya Mbeya Mjini ya sasa hayalinganishiki tena na yale ya 1995 au ya 2010 ila kwa kurudi kwenye kata moja moja, kuzitenga za Uyole, na kuhesabu upya. Kazi hiyo ndiyo ninayopendekeza kikundi cha mchana cha semina hii kianze nayo, kwa kata zenye masoko.