Mradi si Salongo: Maji ya Kunywa katika Darasa la 6

Mada kwa semina ya walimu wa shule za msingi, Bukama



Tangu tuanze kuhimizwa kufundisha kwa miradi, shule nyingi zimeelewa kwamba watoto wakamate majembe. Sisi wenye umri tunaijua kazi ya namna hiyo. Wakati wa Mobutu iliitwa salongo, na hakuna aliyeulizwa maoni yake. Mtoto akilima bustani ya shule muhula mzima bila kujiuliza kwa nini mboga za upande mmoja zimenyauka, amefanya salongo, hata kama kwenye juronali ya darasa tumeandika “mradi”.

Majirani zetu wa Tanzania walikutana na shida hiyo. Mwaka 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea akitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule. Katika shule nyingi kupanga kuliachwa, kulima kukabaki. Na Mmarekani William Heard Kilpatrick, aliyechapisha makala yake juu ya mbinu ya mradi mwaka 1918 (mwaka uleule reli ilipofika hapa Bukama), alisisitiza kwamba nia ya kazi itoke kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo vipimo vyangu ni viwili: je, kuna jambo ambalo mtoto ataliamua, na je, kuna swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake?

Swali la namna hiyo hatuhitaji kulitafuta mbali. Kipindupindu hatukihadithiwi. Kinarudi mara kwa mara katika bonde hili la Lualaba na maziwa ya Upemba, kutoka Bukama mpaka Kikondja na Malemba-Nkulu. Somo lake tunalifundisha: chemsha maji, nawa mikono. Watoto wanalikariri, wanapata 10 juu ya 10, na jioni wanashika bidoni wanakwenda kuchota palepale wanapochota siku zote. Sasa tuwaulize: familia za mtaa wetu zinachota wapi maji ya kunywa, na ni mahali gani pana hatari zaidi? Mimi sijui. Ninyi pia hamjui, kwa sababu hakuna aliyepima.

Kupima kunaanzia uwanjani. Chukueni kamba ya mita 10, kila mtoto atembee kando yake akihesabu hatua. Aliyepiga hatua 16 ana hatua ya sentimita 62 na nusu. Mwenzake mrefu amepiga 14 tu. Ubishi utazuka: nani amepima vizuri? Msiukate. Waacheni warudie mara tatu, nne, mpaka mmoja wao aseme wajumlishe na kugawanya. Hapo wastani umefundishwa, na mwalimu hajashika chaki.

Kisha kila kikundi kinachukua njia moja kutoka mlango wa shule, kinaipima kwa hatua na kuchora ramani yake: visima, mabomba, vyoo, njia za kwenda mtoni. Sentimita 1 iwe mita 10, yaani skeli ya 1/1000. Kanuni ya afya inataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Kwenye karatasi hizo ni sentimita 3. Mtoto mwenye rula anaona mara moja ni kisima gani kina tatizo. Daktari John Snow alifanya kazi ya aina hii London mwaka 1854. Aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani, na vikaonekana vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street.

Vifo tumwachie Snow. Watoto wetu wasiulize nani aliugua, maana nyumba ikishanyoshewa kidole haisahauliki. Wala wasishuke ukingoni wenyewe. Mamba na kiboko hawajui kama ni saa ya shule. Sehemu za mtoni wawaulize mama wanaochota.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya mwalimu: kunyamaza. Mtoto atakuja na kuuliza, “Mwalimu, shimo hili tuliandike kisima?” Ulimi utakuwasha. Mjibu, “Ninyi mnaonaje?” Wakiamua kwamba kisima ni kile chenye kifuniko, vikundi vyote vifuate hivyo, na waandike sababu yao.

Najua Bwana Enspekta atauliza programu itamalizika lini. Mradi huu hauna saa zake za pekee. Skeli na wastani ni hisabati. Maji na magonjwa ni sayansi. Barua kwa mkuu wa mtaa ni Kifaransa. Mazungumzo na wazazi ni Kiswahili. Wenzetu wa darasa la 7 na la 8 tayari wana programu ya hisabati na sayansi ambayo masomo yake yanaanza na hali ya maisha. Wasiwasi wangu uko kwenye alama. Katika kikundi cha watoto 8, anayejifunza mara nyingi ni yule mwenye kalamu. Kwa hiyo kila mtoto asimame peke yake, achague namba moja kwenye ramani, aeleze ilivyopatikana.

Na pesa? Kenya ilipoanza mtaala wa umilisi mwaka 2017, wazazi walilalamika juu ya vifaa walivyotakiwa kununua. Kwetu elimu ya msingi imetangazwa bure tangu 2019. Mradi unaodai karatasi kubwa na kalamu za rangi unarudisha ada kupitia dirishani. Karatasi ya mfuko wa simenti, upande wa ndani, inatosha, na mkaa unaandika vizuri.

Ramani ikiisha, watoto wenyewe waipeleke kwa muuguzi wa kituo cha afya na mkuu wa mtaa, waulizwe, wajibu.

Mchana tutakaa shule kwa shule. Kila shule iandike swali moja la mtaa wake: samaki mbichi anapoteza uzito gani akikaushwa, kuni kiasi gani zinatumika kumkausha, au jingine. Chini yake mwandike watoto wataamua nini. Nitapita kwenye kila meza. Swali ambalo jibu lake tayari liko kitabuni tutalifuta, na mtaandika jingine.