SOMO LA AFYA: MGONGO UNAPOANZA KUPINDA

Ketini vizuri, na asiyeona vema asogee karibu na taa. Leo neno letu ni kibiongo.

Kila mmoja wenu amepata kumwona mtu mwenye kibiongo. Wengine husema amerogwa, wengine husema alibebeshwa mizigo utotoni. Kuna vibiongo vya namna nyingi, na wako waliozaliwa navyo, lakini leo nataka tuzungumze juu ya kile kiletwacho na kifua kikuu. Pengine mtauliza: kifua kikuu, mgongoni? Naam. Vijidudu vyake huingia kwa pumzi, hukaa mapafuni, kisha huweza kuchukuliwa na damu mpaka mifupani. Na katika mifupa yote, uti wa mgongo ndio unaoshikwa mara nyingi zaidi.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni vifupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila kimoja huitwa pingili, kama pingili ya muwa. Vijidudu huila pingili upande wa mbele. Ikiisha kuliwa hubonyea, zile za juu huinamia mbele, na nyuma hutokeza nundu. Ndani ya uti hupita kamba laini ya fahamu iendayo miguuni. Kamba hiyo ikibanwa na usaha au mfupa, miguu hulegea, na mtu hushindwa kutembea.

Zamani dawa ilikuwa kulala. Mtoto alilazwa chali miezi mingi, pengine miaka, amevikwa plasta ngumu. Fikirini mtoto wa miaka 6 asiyeruhusiwa hata kuketi! Dawa za kuua vijidudu zilipopatikana, madaktari walianza kuulizana kama mateso hayo bado yana faida. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likafanya majaribio. Mjini Masan, Korea, wagonjwa wengine walilazwa hospitali miezi 6, na wengine walikunywa dawa zile zile huku wakitembea. Mjini Pusan wengine walivikwa plasta miezi 9, wengine hawakuvikwa. Mjini Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wengine walipasuliwa ili kutolewa uchafu wa mfupa, wengine walipewa dawa tu. Habari zilianza kutolewa mwaka 1973. Kulala hakukuongeza kitu. Plasta haikuongeza kitu. Kule kupasua kudogo nako hakukuongeza kitu. Walioponywa waliponywa na dawa.

Basi, je, kisu hakina kazi? Kinayo. Huko Hong Kong madaktari Hodgson na Stock walieleza mwaka 1956 namna ya kuingia kwa mbele, kuondoa mfupa wote ulioharibika na kupachika mahali pake kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Majaribio yalionyesha kuwa migongo ya waliofanyiwa hivyo ilipinda kidogo kuliko ya wengine. Ila ni kazi kubwa, yataka mabingwa.

Walio katika hatari zaidi ni watoto, maana wao bado wanakua. Mwaka 2001 Daktari Rajasekaran wa Uhindi alitoa habari za watoto 61 walioangaliwa kwa miaka 15. Ugonjwa ulikuwa umekwisha pona, lakini kwa watoto kama 39 katika kila 100 mgongo uliendelea kupinda. Alieleza alama za kutazama katika picha ya eksirei, ili mtoto wa namna hiyo apasuliwe mapema, kabla nundu haijawa kubwa.

Sasa tazameni nyumbani kwenu. Mtoto analalamika mgongo kwa majuma kadhaa, jioni ana homa, anakonda. Mwangushie shilingi sakafuni umwambie aiokote. Mwenye mgongo mzima huinama tu. Yule mwenye maumivu huchuchumaa, mgongo ameunyosha kama ubao, mkono mmoja pajani. Kisha pitisha kidole polepole juu ya uti wake. Ukikuta pingili moja imetokeza, usimpeleke kukandwa. Mpeleke hospitali kesho asubuhi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali, Kenya na Tanzania, hutolewa bure. Hunywewa miezi 6 au zaidi, kama daktari atakavyoona, wala haziachwi maumivu yakiisha, na hapo ndipo wengi hukosea.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: pingili, nundu, kibiongo.