Kicheko cha Gerezani

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Tukuyu)



Mada niliyopewa ni "Vijana na Sinema". Nitashika upande mmoja tu, ambao wengine wataona haufai kusemwa mbele ya wanafunzi. Lakini wanafunzi wameshauona, kwenye mabanda ya video na kwenye simu, na wameshaucheka.

Nasema juu ya mzaha wa sabuni iliyoanguka bafuni gerezani. Mwaka 2002 tangazo la soda ya 7 Up lilitumia mzaha huo huko Marekani. Watetezi wa wafungwa wakalalamika, likaondolewa. Mwaka 2003 Bunge lao likapitisha sheria ya kukomesha ubakaji magerezani. Hata hivyo, mwaka 2015 ikatoka Get Hard, sinema nzima ya kuchekesha juu ya tajiri anayeogopa kubakwa atakapofungwa. Angekuwa msichana, nani angecheka?

Sisi tunaujua utani. Mtani hucheka hata msibani, lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Sinema hizi hucheka, kisha huondoka.

Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, anayebakwa ni mwanamke au msichana. Mwanamume akitendewa ukatili huo, kesi inakuwa ya kulawiti, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungu hicho hicho kinamwadhibu pia aliyeridhia. Basi kijana wa miaka 19, aliyewekwa mahabusu kwa kuku wa jirani, akasemee wapi? Asipochekwa, ataulizwa kama aliridhia.

Wenzetu wa Kenya, mwaka 2006, waliandika sheria inayosema "mtu", awe mume au mke. Na huko Kampala, mwaka 2009, watetezi wa wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa filamu, Gender Against Men, ambamo wanaume waliokimbia vita vya Kongo wanasimulia wenyewe yaliyowapata. Humo hakuna wa kucheka.

Nawaomba vijana wa chama cha mdahalo, muhula ujao mjadili: je, kifungu cha 130 nacho kiseme "mtu"? Nitakuja kusikiliza, mvua ya Tukuyu ikiniruhusu.