Maono na Baraka ni Amana

Sifa na shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewatuma Manabii kwa viumbe vyake ili wasipotee gizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuzifuata nyayo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo: Ndugu zangu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, ninakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Tangu miaka ya 1980, watu wa Kinondoni na Temeke wamezoea mihadhara ya viwanjani, ambamo Biblia na Qur'ani hufunguliwa pamoja. Wengi wetu tumeyajua ya Torati kwa njia hiyo. Lakini mara nyingi twavisoma visa hivyo ili kumshinda mwenzetu kwa hoja, wala hatuviulizi vinatutaka sisi nini. Leo tutazame visa vitatu vya maono na baraka. Yanayowafikiana na Qur'ani twayasadiki, na pale Qur'ani iliponyamaza, Mtume (S.A.W.) ametufunza tusisadikishe wala tusikadhibishe. Twachukua mazingatio tu.

Kisa cha kwanza ni cha Nabii Yakub (A.S.). Torati, katika kitabu cha Mwanzo, yasimulia kwamba alilala safarini, jiwe likiwa chini ya kichwa chake, akaona ngazi iliyofika mbinguni na malaika wakipanda na kushuka. Akaahidiwa kwamba kwa uzao wake jamaa zote za dunia zitapata baraka. Tazameni: baraka aliahidiwa mtu mmoja, nayo ikakusudiwa watu wote. Na baada ya maono hayo hakukaa akingoja neema imshukie. Kitabu hicho hicho chasema alichunga mifugo ya mjomba wake miaka 20, akichomwa na jua mchana na kupigwa na baridi usiku. Maono hayakumwondolea kazi.

Kisa cha pili ni cha Balaamu, na kimo katika kitabu cha Hesabu. Balaki, mfalme wa Moabu, alimwita kwa ujira ili awalaani Wana wa Israili. Balaamu hakuweza, kila alipofungua kinywa alitamka baraka. Sifa za mtu huyu zilienea mbali. Mwaka 1967 wachimbuzi wa mambo ya kale huko Deir Alla, nchini Yordani, waliyakuta maandishi ya miaka kama 2,800 iliyopita yenye jina lake, yakimtaja kuwa mwonaji. Lakini mwisho wake haukuwa mwema. Torati yasema alitoa shauri lililowatia watu katika maasi, akauawa vitani. Na baadhi ya wafasiri wetu wamesema ndiye anayeashiriwa katika Sura ya Al-Aaraf, yule aliyepewa ishara za Mungu akajivua nazo kwa kuifuata dunia. Basi mtu aweza kupewa kuona, na bado akaangamia.

Kisa cha tatu, ndugu zangu, ndicho mizani yetu. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa gerezani kwa dhulma. Mfalme wa Misri akaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Mjumbe alipokwenda gerezani kumwuliza Yusuf, Qur'ani yatueleza kwamba alimjibu palepale. Hakusema, nitoeni kwanza. Hakusema, nilipeni kwanza. Tena hakuishia kuifasiri ndoto, bali aliwapa na kazi ya kufanya: limeni miaka saba, mhifadhi mavuno katika mashuke yake, mle kidogo. Torati nayo yasema sehemu ya tano ya mavuno iliwekwa akiba. Ndoto ile ikawa ghala, na ghala likaokoa roho za watu.

Sasa turudi mitaani kwetu. Wapo watu, Tandika na Mbagala, Mwananyamala na Tandale, wanaodai kuonyeshwa mambo usingizini, na wengine huvaa kanzu na kushika tasbihi. Wapimeni kwa mizani ya Yusuf. Je, anasema kabla ya kulipwa, au fedha hutangulia? Je, anakuelekeza kwenye kazi na sala, au anakutajia jirani yako na shangazi yako kuwa ndio waliokuroga? Yusuf aliwaunganisha jamaa waliotengana, hata ndugu zake waliomtupa kisimani. Huyu wa leo huwatenganisha waliokaa pamoja, kisha huitia mfukoni thamani ya machozi yao.

Na lipo la hatari zaidi. Mtoto akishikwa na degedege, pwani yetu imezoea kusema ni shetani, au ni ndege aliyempitia. Madaktari wamebainisha kwamba mara nyingi kifafa hicho cha homa hutokana na malaria kali, na saa chache huamua uhai. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa mwenye maono kabla ya zahanati anacheza na amana ya Mungu. Msomee mwanao dua njiani, ilhali miguu yako yaelekea hospitali. Dua haipingani na dawa, kama vile imani ya Yusuf haikupingana na ghala.

Hatusemi kwamba ndoto zote ni upuuzi. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba ndoto njema ya muumini ni sehemu moja katika sehemu 46 za Utume. Lakini ametuonya vikali tusiwaendee makahini. Ukiota jema, mshukuru Mola wako. Ukiota baya, jikinge kwake, wala usimsimulie mtu. Na ukitaka baraka, watafute wazazi wako wangali hai, uwatumikie. Radhi yao haiuzwi kwa fedha.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Ewe Mola, tupe macho ya kuiona haki na nguvu ya kuitenda. Walinde watoto wetu, waponye wagonjwa wetu, uzitie baraka kazi za mikono yetu. Amin.