Nyumba Njema Si Mlango

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu letu siku ya maadhimisho



Tumetakiwa tuseme machache juu ya ujenzi, kwa kuwa biashara ya vifaa vya ujenzi ndiyo iliyotulea. Kwa miaka mingi tumesimama nyuma ya kaunta tukiuza saruji, nondo, mabati na vigae, na ramani nyingi zimekunjuliwa mbele yetu. Jambo moja tumeliona mara kwa mara. Mtu huja na ramani aliyopewa na jamaa aliye ng'ambo, au iliyonakiliwa kutoka nyumba ya tajiri fulani. Hununua vifaa, akajenga, akahamia. Haipiti miaka miwili ila amerudi dukani: anataka mabati ya kuezekea jiko la nje, kwa kuwa lile la ndani halikukadiria moshi wala idadi ya wapishi, anataka vioo vya kuzibia roshani, kwa kuwa mvua ya masika humfikia mpaka kitandani. Sisi hupata faida, lakini yeye amejenga mara mbili. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu.

Basi leo tungependa kumkumbuka msanifu majengo mmoja aliyeifanya kazi yake kwa njia nyingine. Naye ni Balkrishna Doshi. Alizaliwa Pune mwaka 1927, katika ukoo wa Kihindu uliofanya biashara ya samani kwa vizazi viwili. Alisoma Bombay, kisha akafanya kazi Paris chini ya Le Corbusier tangu mwaka 1951 hadi 1954. Alirudi India kusimamia majengo ya mwalimu wake huyo, akafanya maskani yake Ahmedabad, Gujarat, na mwaka 1962 akaanzisha huko shule ya usanifu majengo. Mwaka 2018 alikuwa Mhindi wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika fani hiyo. Alifariki dunia Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 95.

Hatumtaji kwa sababu ya tuzo. Tunamtaja kwa sababu aliamini kuwa nyumba haimaliziki siku fundi anapokabidhi ufunguo. Humalizwa na wakaaji wake, kidogo kidogo, kadiri watoto wanavyozaliwa, wanavyooa na wanavyoleta wazee wao waishi nao. Kazi ya msanifu, kwa imani hiyo, ni kusikiliza kwanza, kisha kuacha nafasi.

Tutazame mifano miwili. Mwaka 1973, mjini Ahmedabad, alikamilisha nyumba za Shirika la Bima ya Maisha. Desturi ya kawaida ingekuwa kuwatenga wenye mishahara midogo upande mmoja na wenye mishahara mikubwa upande mwingine. Yeye alipanga nyumba tatu kwa kupandana: kubwa chini, ya wastani katikati, ndogo juu, na ngazi moja ikawahudumia wote. Kwa kuwa kila nyumba ya juu ilikuwa ndogo kuliko iliyo chini yake, palibaki sakafu ya wazi ambayo familia ingeweza kuiongezea chumba siku ya mahitaji. Na wakaaji waliongeza kwelikweli. Wengine walijenga kuta, wengine wakaziba madirisha na kufungua mengine, hata leo ni vigumu kuuona mchoro wa awali. Msanifu mwingine angelalamika kwamba kazi yake imeharibiwa. Doshi alifurahi, kwa kuwa hilo ndilo alilolitarajia.

Mfano wa pili ni mtaa wa Aranya, katika mji wa Indore, uliokamilika mwaka 1989. Ulipangwa uwe na nyumba zaidi ya 6,500, na wengi wa wakaaji wake walikuwa maskini. Kabla ya kuchora, wasaidizi wake walikwenda kwenye vibanda vya Indore kuchunguza maisha ya watu: wanakaa wapi jioni, wanauzia wapi mboga, watoto wanacheza chini ya mti gani. Baada ya hapo familia maskini ilipewa kiwanja cha mita za mraba 35, msingi uliokwisha kuinuliwa, choo, bafu na mahali pa jiko. Mambo magumu kwa mtu wa kipato kidogo, yaani maji safi, maji machafu na msingi, yalikuwa tayari. Yaliyobaki aliyajenga mwenyewe kwa wakati wake na kwa uwezo wake. Mwaka 1995 mtaa huo ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Katika nyumba za Aranya hamkukosekana kitu ambacho ninyi majirani mnakijua vizuri. Kwetu Gujarat huitwa otlo, nanyi hapa Pwani mnakiita baraza: kile kikalio kilichoinuliwa mbele ya mlango, ambacho si ndani wala si nje. Hapo mgeni hupokewa kabla hajakaribishwa ndani, mzee huota jua la asubuhi, na ugomvi wa watoto husuluhishwa. Bahari ya Hindi imewatenganisha babu zetu na babu zenu, lakini wote walijua kuwa nyumba isiyo na mahali pa kumkalisha jirani ina upungufu. Kadhalika ua wa nyumba ya Kiswahili na ua wa katikati wa nyumba za kale za Ahmedabad hufanya kazi ileile ya kuleta mwanga, hewa na faragha kwa kina mama.

Ndugu zetu, tumeyasema haya kwa sababu ya kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi huu. Wote mnajua kwamba ipo nia ya kujenga hapo makazi ya wazee wetu wasio na jamaa, wajane, na watumishi wa hekalu. Ni nia njema, na wenye kuchanga wamekwisha kujitokeza. Lakini ramani iliyobandikwa ubaoni inaonyesha ghorofa nne za vyumba vinavyofanana kama visanduku vya njiwa, na ukuta mrefu ukielekea kwenye kichochoro cha majirani. Uso wake unapendeza, hatukatai. Ila nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Tukiingia ndani, tunauliza. Bibi mwenye maumivu ya magoti atapandaje ghorofa ya tatu kila arudipo kutoka kwenye sala ya jioni? Mjane aliyezoea kupika na wenzake atakaa na nani katika jiko la mtu mmoja? Pujari akioa na kupata watoto, chumba chake kitaongezwa upande upi? Na maji ya mvua yatokayo kwenye paa kubwa namna hiyo yatakwenda wapi, kama si kwenye nyua za majirani hawa tulioketi nao leo?

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya wadhamini. Kabla ramani haijapelekwa kutafutiwa kibali, msanifu aitwe aje akae nasi siku moja, si na kamati peke yake. Akae na wazee watakaoishi humo, na kina mama wanaopika prasad, na mlinzi, na majirani wa kichochoroni. Wasio na nguvu wapewe vyumba vya chini. Majiko yawe ya pamoja kwa wanaopenda hivyo. Pawe na ua, na upande wa kichochoro pawe na baraza mahali pa ukuta. Tuanze na ghorofa mbili juu ya msingi imara, nondo ziachwe tayari kwa watakaotufuata. Nasi kwa upande wetu tutatoa saruji yote ya msingi huo, pasipo kudai majina yetu yaandikwe ukutani.

Doshi aliliita jengo la ofisi yake Sangath, neno la Kigujarati lenye maana ya kuandamana pamoja. Mungu atujalie tujenge kwa namna hiyo, wenyeji na majirani.